Tuwafundishe Watoto Kuandika “Kwa Sababu”



Msomaji anayepokea kijarida cha Haki na Amani hutazamia kukuta humo habari za migogoro ya ardhi, za mahabusu, za uchaguzi, au za wajane walionyang’anywa mali. Safari hii twataka kusema juu ya daftari la mtoto wa darasa la tatu.

Twaamini ya kuwa mtoto asiyefundishwa mapema kuandika kile anachoona ni kweli, na kueleza kwa nini anaona hivyo, atakuwa mtu mzima ambaye ni rahisi kumdhulumu. Tena, tusisahau, ni rahisi kumtumia awadhulumu wengine. Jambo hili la pili ndilo linalotutia hofu zaidi.

Sisi wa Rukwa tuna sababu ya pekee ya kulifikiri. Jina la mji wetu mkuu, Sumbawanga, wenyeji hulieleza kuwa lina maana ya kutupa uchawi. Katika miaka ya 1960 mtaalamu mmoja wa mila na desturi, Roy Willis, alikaa Ufipa akaandika habari za vuguvugu la Kamchape, na maandishi yake yalichapishwa mwaka 1968. Waganga na wafuasi wao walipita kijiji hadi kijiji wakitangaza kuufagia uchawi. Watu walichanjwa chale na kupakwa dawa, na wale waliotajwa kuwa wachawi walitakiwa watoe zana zao hadharani. Chimbuko la mambo hayo lilikuwa upande wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, ambako katika miaka ya 1930 walitokea watu walioitwa wachapi. Hatuyataji hayo ili kuwacheka wazee wetu. Twayataja kwa ajili ya swali moja ambalo ni wachache waliothubutu kuliuliza pale uwanjani: Mmejuaje?

Tangu mwaka 1928 nchi hii ina Sheria ya Uchawi, nayo humwadhibu mtu anayemzushia mwenzake kuwa ni mchawi. Sheria ipo, na bado katika sehemu mbalimbali za Tanzania wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, wekundu ambao waliupata kwa kupuliza moto wa kuni na kuwapikia watoto na wajukuu wao. Anayeinua panga juu ya bibi kizee naye alikuwa mtoto. Yawezekana alisoma shule, akajua kusoma na kuandika, pengine hata akafaulu mtihani. Lakini je, kuna aliyewahi kumwambia: Umesema jambo, sasa lionyeshe?

Tuna methali isemayo, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali nyingi za Kiswahili twazipenda, ila hii ingefaa ifungiwe kabatini kwa muda. Imewapeleka watu wengi kaburini na wengine uhamishoni. Mtoto aliyezoea kuandika “kwa sababu”, kisha akaulizwa kama sababu yake yatosha, hawezi kuipokea methali hiyo kijuujuu. Atajibu kwamba lisemwalo laweza kuwapo, na laweza kuwa limetungwa jana jioni kilabuni.

Sasa tutazame shuleni. Chukua karatasi ya Kiswahili ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi jinsi ilivyokuwa kwa miaka mingi. Hata sehemu iliyoitwa Utungaji haikumtaka mtoto atunge kitu. Alipewa sentensi zilizovurugwa, akazipanga kwa kuandika herufi A, B, C na D. Mwaka 2012 ukaletwa usahihishaji wa mashine, na mtoto akawa anasiliba herufi kwa penseli, hata katika somo la hisabati. Miaka ya karibuni yameongezwa maswali machache ya kujibu kwa kifupi, nasi twashukuru. Twaelewa pia kwamba si kazi ndogo kusahihisha karatasi za watahiniwa wanaozidi milioni moja. Lakini herufi haiulizi kwa nini. Aliyekisia na aliyejua hupata alama ileile, na mwalimu ambaye kazi yake itapimwa kwa ufaulu hufundisha kile kitakachoulizwa. Nani atamlaumu?

Makusudi mema hayakukosekana. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule zimpe mtoto akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyapima anayojifunza, ayakubali au ayakatae, na imani juu ya nafsi yake. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, nao wasisitiza umahiri na fikra tunduizi. Kinachokosekana ni nusu saa katika juma ya kuyatenda hayo, pamoja na mtu mzima mwenye uvumilivu wa kusoma kile mtoto alichokiandika.

Tutoe mfano wa hapa hapa Kasanga. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, shughuli za uvuvi zilisimamishwa katika Ziwa Tanganyika, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Watu wazima walibishana sana. Mtoto wa mwambao naye alikuwa na maoni yake, maana jambo lenyewe lilifika hadi kwenye sahani yake. Basi tuseme mwalimu, au katekista, anawauliza watoto: Je, ni vema ziwa lifungwe kwa miezi mitatu?

Mtoto wa kwanza ataandika, “Mimi sitaki ziwa lifungwe.” Hayo ni matakwa, na si vibaya kuanzia hapo. Akiulizwa kwa nini, ataongeza, “Kwa sababu ni vibaya.” Hapa hajasonga hata hatua moja, amesema neno lilelile kwa nguo nyingine. Watu wazima nao hufanya hivyo, tena kwa kipaza sauti. Mwalimu asimcheke, wala asimchoree mkasi mwekundu. Amwulize tena: Vibaya kwa nani? Ulimwona nani akipata shida? Ndipo mtoto ataandika, “Sitaki ziwa lifungwe, kwa sababu baba ni mvuvi, na miezi ile tulikosa pesa ya daftari.” Hiyo sasa ni sababu, na ndani yake mna ushahidi, kwa kuwa yeye mwenyewe aliiona siku ambayo daftari halikununuliwa.

Mtoto wa pili ana maoni mengine. “Nataka lifungwe, kwa sababu migebuka imepungua.” Umejuaje? “Babu amesema.” Mwalimu mwema hatakomea hapo, wala hatamdharau babu. Atamtuma mtoto arudi nyumbani na swali: Babu, uliona nini? Labda babu ataeleza ni vikapu vingapi chombo kimoja kilileta usiku wa giza wakati wa ujana wake, wakivua kwa taa, na ni vingapi kinaleta leo. Mtoto akirudi na hesabu hiyo, amevuka kutoka katika kusikia hadi katika kuhesabu. Na babu naye, ambaye pengine hakuna mtu aliyemwuliza kitu kwa muda mrefu, amegeuka kuwa shahidi.

Kwa watoto wakubwa, wa darasa la sita au la saba, mwalimu aweza kuongeza jambo la kutatiza. Mwaka 2003 wataalamu waliochapisha uchunguzi wao katika jarida la Nature walieleza kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yamepata joto, na kwa sababu hiyo maji ya juu hayachanganyiki na ya chini kama zamani. Chakula cha samaki huanzia kwenye rutuba inayopanda kutoka kilindini, na kilindi cha ziwa hili chafika karibu mita 1,470. Upande wetu wa kusini ndipo upepo wa miezi ya Mei hadi Septemba unapoyavuruga maji na kuipandisha rutuba hiyo. Wataalamu hao walikadiria kwamba uoto mdogo wa majini ulikuwa umepungua kwa kiasi cha asilimia 20, na kwamba samaki wangeweza kupungua kwa asilimia 30 hivi. Basi mkosaji ni nani, nyavu zenye macho madogo au joto? Kufunga ziwa kwamsaidia samaki kuzaa, lakini hakuupozi maji. Mtoto wa miaka 12 aweza kuandika kwamba yawezekana visababishi ni viwili, na kwamba dawa ya kimoja si dawa ya kingine. Tumesikia mikutano ya watu wazima ikimalizika bila yeyote kufika hapo.

Jambo moja hatuna budi kulisema kwa nguvu. Katika zoezi la namna hii mwalimu hatoi alama kwa maoni, bali kwa sababu. Mtoto anayeunga mkono amri ya serikali na yule anayeipinga wapimwe kwa mizani moja. Siku mwalimu atakapompa alama nyingi yule anayekubaliana naye, darasa zima litakuwa limejifunza kujipendekeza, na somo hilo watalikumbuka kuliko mengine yote.

Wapo watakaouliza kama Kanisa lina desturi ya kufundisha hivyo, nasi ambao tulikariri katekisimu ya maswali na majibu. Kukariri kuna nafasi yake, wala hatukubezi. Sala aliyoikariri mtoto humfaa akiwa mzee na mgonjwa. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alipoandika kitabu chake kikuu cha teolojia hakuanza na jibu lake. Katika kila swali alianza na hoja za wale wasiokubaliana naye, akazieleza kwa haki, kisha akatoa lake pamoja na sababu, na mwishoni akarudi kuijibu kila hoja. Mtoto wa darasa la tano aweza kuiga mwendo huo kwa sentensi chache: “Wengine wanasema ziwa lisifungwe, kwa sababu wavuvi watakosa chakula. Ni kweli, watapata shida. Hata hivyo mimi naona...” Neno “ni kweli” likitamkwa juu ya hoja ya mpinzani ni tendo la haki. Anayejua kuliandika akiwa na miaka 11 huenda akalisema pia akiwa mjumbe wa serikali ya kijiji.

Pingamizi kubwa zaidi latoka nyumbani. Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto anayefundishwa kutoa maoni atakuwa mkaidi na atajibizana na wakubwa. Hofu hiyo twaiheshimu, kwani adabu ni mali yetu. Walungu na Wafipa hawakungoja shule ziwafundishe namna ya kuzungumza kwa staha. Lakini tuliangalie jambo lenyewe. Mtoto anayejibizana hupaza sauti kwa sababu hana njia nyingine. Anayeandika hulazimika kukaa, kungoja, kufuta, na kufikiri ni nani atakayeisoma karatasi ile. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, anatuagiza tuwe tayari kutoa sababu za tumaini letu mbele ya kila aulizaye, naye anaongeza kwamba tufanye hivyo kwa upole na heshima. Hakuona kwamba sababu na upole vinagombana.

Isitoshe, kila mwaka, Jumatatu ya juma la tano la Kwaresima, sisi Wakatoliki husomewa habari za Susana katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Wazee wawili waheshimiwa, waamuzi wa watu, wamemshtaki mwanamke asiye na hatia, na mkutano mzima umewasadiki kwa sababu ya umri na cheo chao. Kijana Danieli ndiye anayesimama na kukataa.  Anawatenga wazee wale, kisha anamwuliza kila mmoja peke yake: Uliwaona chini ya mti gani? Huyu anataja mti huu, yule anataja mwingine, na uongo unafichuka. Penye wazee haliharibiki neno, twasema. Siku ile liliharibika mbele ya wazee, likaokolewa na kijana kwa swali dogo la ushahidi. Ingefaa simulizi hiyo isomwe kwa watoto mara nyingi kuliko mara moja kwa mwaka, kisha waulizwe: Ungekuwa wewe, ungeuliza nini?

Haki yenyewe haina mashaka. Papa Yohane XXIII, katika waraka Pacem in Terris wa mwaka 1963, alihesabu uhuru wa kutafuta ukweli na kutoa maoni miongoni mwa haki za binadamu, kwa kuzingatia maadili na manufaa ya wote. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, wamtaja mtoto waziwazi, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Ila haki iliyoandikwa Dodoma haimfundishi mtu jinsi ya kuitumia.

Upo ugumu mwingine ambao hatuwezi kuuruka. Tuseme tumemfundisha mtoto vizuri, naye akaandika: “Naona si haki kutuchapa sote, kwa sababu aliyepiga kelele alikuwa mmoja.” Karatasi hiyo itapokelewaje? Akichapwa kwa ajili yake, somo limekwisha, na wenzake 60 waliokuwa wakitazama wamefundishwa kinyume chake. Kwa hiyo twasema wazi kwamba asianze zoezi hili yule ambaye hayuko tayari kuulizwa yeye mwenyewe. Na kwa upande wa watoto pawepo sharti moja lisilovunjwa: waandike juu ya jambo, wasitaje mtu kwa jina. Tusije tukawapa kalamu kwa nia ya kuzuia masingizio, nao wakaitumia kumsingizia jirani.

Walimu watatuambia kwamba hawana muda, nao wasema kweli. Mwalimu mwenye watoto 80, akitumia dakika 3 tu kwa kila daftari, atahitaji saa 4 kamili, mbali na masomo mengine. Basi asisahihishe yote. Watoto wakae wawili wawili, kila mmoja asome ya mwenzake na kuandika pembeni swali moja tu: “Umejuaje?” au “Je, na wale wengine?” Mwalimu achukue madaftari 10 kwa juma. Wale wadogo kabisa, wa darasa la kwanza na la pili, waseme kwanza kwa lugha ya nyumbani, kiwe Kilungu au Kifipa, kisha wachore, na chini ya mchoro waandike sentensi moja ya Kiswahili yenye neno “kwa sababu”. Mtoto asiye na maneno ya kutosha katika lugha ya shule si kwamba hana sababu. Wala hapahitajiki vitabu vipya. Mambo ya kuandikia yamejaa mbele ya macho: kama mabaki ya boma la Wajerumani, waliopaita hapa Bismarckburg, yahifadhiwe, kama wasichana peke yao ndio watumwe kuchota maji, kama ng’ombe waruhusiwe kupita karibu na kisima.

Faida yake yaonekana miaka 20 baadaye. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka baraza la ardhi katika kijiji ili kuwapatanisha wanaogombea mashamba. Mbele ya baraza, anayesema tu kwamba shamba ni letu tangu zamani hukutana na mwingine aliyefika na barua, majina ya majirani wa pande nne, miti ya mpaka, na mwaka wa kwanza wa kulima. Mara nyingi yule wa kwanza ndiye mwenye haki, lakini ameshindwa kuionyesha. Wajane hupotea hapo. Hali kadhalika katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu, mtu akisimama na kusema mapato yameliwa huambiwa aketi. Akisimama na karatasi yenye tarehe na hesabu, mwenyekiti hulazimika kumjibu.

Twashauri basi kwamba parokia isingoje shule. Watoto wa Utoto Mtakatifu hukutana tayari, na wana walezi. Twaomba Halmashauri ya Walei itenge nusu saa katika kikao kimoja cha watoto kila mwezi, na kwamba swali la mwezi litolewe katika jumuiya ndogo ndogo juma moja kabla, ili mtoto apate nafasi ya kuwauliza watu wa nyumbani kwake. Karatasi 3 au 4 zibandikwe kwenye ubao wa matangazo nje ya kanisa, za pande zote mbili, bila jina la mwandishi. Wazazi watakaosimama kuzisoma baada ya Misa wasiulizane ni mtoto wa nani aliyeandika ile.

Swali la kwanza twalipendekeza hili: Je, mtoto asikilizwe wazazi wake wanapoamua kumwachisha shule ili akavue au akalee wadogo zake? Karatasi apokee katekista. Asiyejua bado kuandika amwombe mwenzake amwandikie, ila sababu iwe ya kwake mwenyewe.